Vitamini na madini kwa wanawake wa mitaa ya kipato cha chini Kampala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila tunapokaa na kina mama na mabinti wa Bwaise, Katwe, Kisenyi, Namuwongo na mitaa mingine ya Kampala ambako familia huishi chumba kimoja, makaa hununuliwa kwa kopo na chakula cha siku hutegemea kibarua cha siku. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee, na pale jibu moja linapogusa jingine tumetaja namba ya swali ili tusirudie maneno.

## Mambo ya msingi

1. Vitamini na madini ni kitu gani, na kwa nini mwanamke anavihitaji kuliko mwanamume?

Ni virutubishi ambavyo mwili huvitumia kwa kiasi kidogo sana, lakini visipokuwepo damu haitengenezeki ipasavyo, macho hushindwa kuona gizani, kidonda huchelewa kupona na mtoto tumboni hakui inavyotakiwa. Posho (ugali), matooke (ndizi za kupika) na muhogo huupa mwili nguvu. Vitamini na madini ndivyo vinavyouwezesha kuitumia nguvu hiyo.

Kinachomtofautisha mwanamke ni hedhi, mimba na kunyonyesha. Mwanamke wa umri wa kuzaa hukadiriwa kuhitaji miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku, ilhali mwanamume mzima hutosheka na 8, na mimba ikiingia mahitaji ya mwanamke hupanda hadi 27. Pamoja na hayo, katika nyumba nyingi mwanamke huyohuyo ndiye anayepakulia wengine samaki na kujibakishia mchuzi. Jambo hilo tumelijibu katika swali la 11.

2. Mimi nashiba kila siku. Inawezekanaje niwe na upungufu?

Inawezekana, na ndiyo hali tunayoikuta zaidi. Chai na mandazi asubuhi, muhogo wa kukaanga mchana, posho na mchuzi mwepesi wa kabichi usiku: mlo huo hujaza tumbo, lakini una chuma kidogo, vitamini A kidogo, na hauna kabisa vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Unga mweupe wa nambari moja, ambao wengi huuona bora kwa sababu ya weupe wake, umeondolewa ganda na kiini cha hindi, na humo ndimo sehemu kubwa ya madini na vitamini za kundi B ilimokuwa.

Unene nao si ushahidi wa lishe bora. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2016 ulikuta karibu robo ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na katika utafiti huohuo asilimia 32 ya wanawake wa umri huo walikuwa na upungufu wa damu. Mtu mmoja anaweza kuwa katika makundi yote mawili.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina kipimo kinachogawa vyakula katika makundi 10, na humwona mwanamke aliyekula angalau makundi 5 kwa siku kuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata virutubishi vya kutosha. Wanga wote, yaani posho, matooke, viazi vyeupe, wali na chapati, huhesabiwa kuwa kundi moja tu. Kipimo hiki kilikusudiwa kwa jamii nzima, lakini nyumbani kinafaa kama dira: hesabu ulichokula jana, na ukiona umeishia kundi la pili au la tatu, hapo ndipo pa kuanzia.

3. Nitajuaje kwamba damu yangu imepungua?

Dalili zinazojulikana ni uchovu usioisha kwa usingizi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio unapopandisha dumu la maji, na weupe katika viganja, kucha na upande wa ndani wa kope. Hamu kali ya kula udongo au barafu ni dalili pia. Hata hivyo dalili hizi hujitokeza polepole, na mwili huzizoea kiasi kwamba mama huja kuamini ndivyo alivyoumbwa. Hatuchoki kulikataa wazo hilo: uchovu wa kila siku si sehemu ya kuwa mwanamke.

Jibu la hakika hutoka kwenye kipimo cha himoglobini, yaani kiwango cha damu, ambacho huhitaji tone la damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mjamzito mpaka uliozoeleka ni 11. Vituo vya afya vya serikali kama Kisenyi, Kawaala, Kisugu na Kitebi viko karibu na mitaa hii, na ada za matibabu katika vituo vya umma ziliondolewa nchini mwaka 2001. Ni vyema kupima kabla ya kununua dawa yoyote, kwa sababu chuma si chanzo pekee cha upungufu wa damu: malaria, minyoo ya safura, virusi vya UKIMWI na sikoseli (ugonjwa wa chembe nyekundu za damu) navyo hupunguza damu, na kila kimoja kina tiba yake.

## Sokoni na jikoni

4. Nikiwa na pesa kidogo sana, ninunue nini kwanza?

Mukene. Tumeulizwa swali hili mara nyingi kuliko yote, na bado hatujapata jibu lililo bora kuliko hilo.

Dagaa hawa wa Ziwa Viktoria huliwa wazima, kichwa na mifupa, kwa hiyo kiganja kimoja hukupa chuma, zinki, kalsiamu, protini na vitamini B12 kwa pamoja. Zaidi ya hayo, chuma cha samaki na nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko kile cha mimea, na nyama ya samaki husaidia pia kukifyonza chuma kilichomo katika maharage na mboga zilizo kwenye sahani hiyohiyo. Kwa maneno mengine, mukene kidogo ndani ya sufuria ya maharage huyafanya maharage yenyewe kuwa na faida zaidi.

Wapo wanaomdharau kwa sababu hutumika pia kutengeneza chakula cha kuku, au kwa sababu ya harufu na mchanga. Mchanga hutokana na kuanikwa chini. Nunua waliokaushwa juu ya vichanja au nyavu, ambao hung'aa na hawana vumbi. Waoshe kwa maji ya vuguvugu, wakaushe, wakaange bila mafuta hadi wakauke vizuri, kisha uwatwange. Unga huo hukaa kwenye kopo lenye kifuniko, na vijiko viwili vikitiwa katika mchuzi wa karanga hata mtoto mchaguzi hatambui. Karanga zenyewe zichambue kwanza, na zilizoota ukungu zitupe.

Baada ya mukene, weka mboga za majani kama dodo (mchicha) au nakati, kisha tunda la msimu, hasa embe, papai, pera au ndimu. Yai, maini na matumbo yanayopikwa pamoja na matooke (katogo) ni vyakula vizuri sana kila pesa inaporuhusu.

5. Je, ni kweli chai inapunguza damu?

Chai haiiondoi damu uliyo nayo. Inachofanya ni kukifunga chuma cha chakula tumboni kisifyonzwe, na chuma cha mboga na maharage ndicho kinachoathirika zaidi. Kahawa hufanya vivyo hivyo. Si lazima uache chai. Isogeze tu, uinywe saa moja au mbili baada ya mlo. Pamoja na chakula kunywa maji, au kamulia ndimu juu ya mboga, au kula chungwa, kwa kuwa vitamini C hukisaidia chuma kufyonzwa.

6. Maharage yanakula makaa mengi. Nifanyeje?

Lalamiko hili ni la haki, na washauri wengi wa lishe hulipita bila kulijibu: kwa mama anayenunua makaa kwa kopo, bei ya maharage ni pamoja na bei ya moto. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mapya. Muda wa kupika hupungua sana, na pia hupungua kiasi cha fitati, kitu kilichomo katika nafaka na jamii ya kunde ambacho huzuia chuma na zinki kufyonzwa. Majirani wawili au watatu wakipika sufuria moja kubwa kwa zamu, gharama ya moto hugawanyika. Kununua maharage yaliyokwisha kuchemshwa ni uamuzi mzuri pia.

Usitie magadi ili yalainike haraka, kwani magadi huharibu vitamini B1. Ukipata sokoni maharage ya aina mpya zilizozalishwa ili ziwe na chuma zaidi, ambazo shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, limekwisha kuzitoa kwa wakulima, yachukue. Hupikwa kama mengine.

7. Mboga za majani zipikwe vipi zisipoteze faida?

Zioshe kabla ya kuzikata, zipike kwa muda mfupi na maji kidogo, na maji hayo usiyamwage. Weka mafuta kidogo au karanga za kusaga, maana vitamini A ya mboga haifyonzwi vizuri bila mafuta. Joto huharibu vitamini C, lakini chuma hakiharibiki kwa kupikwa. Sombe ni tofauti: majani ya muhogo yana sumu ya asili, hivyo ni lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu kama walivyotufundisha wazee.

8. Vinywaji vyekundu na bitiruti vinaongeza damu?

Rangi nyekundu haigeuki kuwa damu. Soda nyekundu na maji ya rangi ni sukari tupu. Bitiruti ni mboga nzuri yenye folati, mojawapo ya vitamini za kundi B, lakini chuma chake ni kidogo, na mama mwenye himoglobini ya 8 hatapona kwa juisi yake. Tunasikitika kila tunapomwona mama aliyetumia pesa za wiki nzima kununua vinywaji hivi ilhali vidonge vya chuma viko kituoni bila malipo.

9. Chumvi, mafuta na unga vilivyoongezwa virutubishi vinatosha?

Vinasaidia sana, lakini havitoshi. Chumvi ni mafanikio makubwa: karibu kila nyumba Uganda hutumia chumvi yenye madini joto, ambayo huzuia rovu (uvimbe wa shingo) na hulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ifunike, usiianike juani, na uitie chungu kinapokaribia kuiva.

Kwa mafuta ya kupikia, unga wa ngano na unga wa mahindi, kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wazalishaji wakubwa waongeze virutubishi. Kwa upande wa mahindi, hata hivyo, sharti hilo huvihusu viwanda vinavyosaga tani 20 au zaidi kwa siku, nayo posho ya mkazi wa mitaa kama Katanga au Bwaise mara nyingi hutoka kwenye kinu kidogo cha mtaani. Anayehitaji zaidi ndiye asiyefikiwa. Unaponunua, soma mfuko uone kama umeandikwa kwamba virutubishi vimeongezwa, na epuka mafuta yanayopimwa kutoka chombo cha wazi kilichokaa juani, kwa sababu mwanga huharibu vitamini A.

Kwa vitamini A kuna njia nyingine ya bei ya chini: viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na yeye aliipata kwa kazi ya kuzalisha viazi hivyo. Vichemshe na maganda, na vile vikavu vilivyopauka usivinunue kwa bei ya vile vyenye rangi iliyokolea.

10. Sina shamba. Naweza kulima mboga mtaani?

Unaweza kulima dodo, nakati na sukuma kwenye gunia, gurudumu kuukuu au ndoo iliyotoboka, na gunia moja hutoa mavuno mengi likimwagiliwa maji ya kuoshea mboga. Jambo la kuogopa ni mahali. Uchunguzi uliofanywa katika kinamasi cha Nakivubo, kinachopokea majitaka ya jiji, umekuta metali nzito katika udongo na katika mazao. Usilime kando ya mfereji wala pembeni ya karakana, na usimwagilie maji ya mfereji. Kwa mboga za sokoni usizozijua zilikotoka, kuosha huondoa uchafu wa nje, lakini metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki.

## Sahani ya mama

11. Kwetu mama hula mwisho, na mila hukataza baadhi ya vyakula. Nifanyeje?

Miongoni mwa Baganda, zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku, mayai, nyama ya kondoo wala samaki aina ya kamongo (mamba kwa Kiganda), na senene alizikamata lakini hakuzila. Wengi mjini wameachana na miiko hiyo, lakini bado tunakutana na mabinti ambao yai huwapita likaenda kwa kaka. Hakuna ugonjwa unaomzukia mwanamke kwa sababu ya kula yai, na vyakula alivyokatazwa ndivyo vyenye chuma na vitamini B12 anavyovihitaji zaidi.

Kuhusu kula mwisho, tumeona mambo mawili yakifaa. La kwanza ni kupakua sahani zote kwa wakati mmoja, ya mama ikiwamo, kabla mtu yeyote hajaanza kula. La pili ni kumwalika mume kliniki akasikie majibu ya kipimo kutoka kwa mkunga. Baba wengi hawakatai, hawajaambiwa. Kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago kinachoitwa Mwanamugimu kimechukua jina lake kutoka methali ya Kiganda isemayo *omwana omugimu ava ku ngozi*, yaani mtoto mwenye afya hutokana na malezi ya tangu mbeleko. Wazee walikwisha kulisema. Tunawakumbusha waume zetu kwa heshima.

## Mimba na kunyonyesha

12. Vidonge vya kliniki vinanichafua tumbo. Naweza kuacha?

Tafadhali usiache kabla ya kuzungumza na mkunga. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki (folati ya vidonge), na ni vigumu sana kwa chakula cha kawaida kufikia kiasi hicho. Kinyesi cheusi ni jambo la kawaida wala hakina hatari. Kichefuchefu hupungua ukimeza kidonge usiku kabla ya kulala, au pamoja na chakula kidogo. Choo kigumu hulainika kwa maji mengi, papai na mboga. Meza kwa maji, kamwe si kwa chai (swali la 5), na kama umepewa pia kalsiamu, itenganishe na chuma kwa saa kadhaa.

Ukipewa Fansidar ya kuzuia malaria, endelea na asidi ya foliki ya mikrogramu 400, lakini mwambie mhudumu kama unatumia ile ya miligramu 5, kwa sababu kiasi hicho kikubwa hudhoofisha kazi ya Fansidar. Vidonge vyote vifungie mbali na watoto: chuma kingi kinaweza kumuua mtoto mdogo.

13. Kula udongo au emumbwa kuna ubaya gani?

Hatumlaumu anayekula, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi ni mwili wenye upungufu wa chuma unaojieleza. Tatizo ni kwamba udongo hukifunga chuma tumboni na kuongeza upungufu uleule, na unaweza kubeba mayai ya minyoo au risasi, metali inayodhuru ubongo wa mtoto. Emumbwa, ambayo ni udongo uliochanganywa na mitishamba, ina hatari hiyohiyo. Mweleze mkunga waziwazi, pima damu, na uulize kuhusu dawa ya minyoo, ambayo hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Kwa wengi hamu hupungua damu inapopanda.

14. Kwa nini niambiwe nitumie asidi ya foliki kabla ya kushika mimba?

Mfereji ambao huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Anayepanga kuzaa aanze mapema. Mboga za majani, maharage na karanga zina folati, lakini kidonge ni cha uhakika zaidi.

15. Vitamini A ikizidi ina madhara?

Ndiyo, kwa mjamzito. Dozi kubwa ya vitamini A ya vidonge katika miezi ya mwanzo inaweza kuharibu maumbile ya mtoto, na maini nayo yana vitamini A nyingi, hivyo kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha. Viazi vya rangi ya chungwa, maembe na mboga havina hatari hiyo. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena mama aliyejifungua apewe dozi kubwa ya vitamini A.

## Hali za pekee

16. Natumia dawa za virusi vya UKIMWI. Naweza kumeza vidonge vya chuma?

Unaweza, ila kwa mpangilio. Chuma na kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa dolutegravir, iliyomo katika dawa za wengi nchini. Meza dolutegravir na chuma pamoja wakati wa chakula, au meza dolutegravir saa mbili kabla ya chuma ama saa sita baada yake. Zidovudine, dawa nyingine ya virusi hivyo, kwa wanaoitumia, yenyewe inaweza kupunguza damu; ukiona dalili za swali la 3 rudi kliniki upesi, na usiache dawa kwa uamuzi wako.

17. Nina sikoseli. Je, chuma kitanifaa?

Usikitumie mpaka kipimo kionyeshe kwamba chuma kimepungua. Katika sikoseli damu hupungua kwa sababu chembe nyekundu huvunjika mapema, na aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kuwa na chuma kilichozidi. Asidi ya foliki ndiyo anayopewa kwa kawaida.

18. Hedhi yangu ni nzito mno. Chakula peke yake kitatosha?

Mara nyingi hakitatosha. Hedhi inayozidi siku saba au inayotoa mabonge makubwa inahitaji kuchunguzwa, kwani huenda kuna uvimbe kwenye kizazi. Njia ya uzazi wa mpango nayo ina sehemu yake: kitanzi cha shaba huweza kuongeza damu ya hedhi, ilhali sindano na vijiti mara nyingi huipunguza. Mwenye damu kidogo amweleze mhudumu kabla ya kuchagua.

19. Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo na sijui Luganda. Nitahudumiwa?

Utahudumiwa. Mkimbizi huruhusiwa kutibiwa katika vituo vya umma vya Uganda kama raia. Mgao wa chakula hutolewa katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, si Kampala, kwa hiyo majibu ya swali la 4 hadi la 10 yanakuhusu sana. Nenda na mtu anayekutafsiria, au ulizia mhudumu anayejua Kiswahili, na uchukue karatasi zako za ukimbizi na za kliniki.

20. Nimemeza vidonge mwezi mzima na damu haijapanda. Kwa nini?

Kwanza tazama jinsi unavyovimeza: na chai, na maziwa, au siku moja moja tu? Kama unavimeza ipasavyo, himoglobini hutarajiwa kupanda ndani ya wiki nne hivi. Isipopanda, kuna damu inayopotea au ugonjwa mwingine, na unahitaji kipimo cha malaria, cha choo na cha sikoseli, pamoja na uchunguzi wa hedhi (swali la 18). Ikipanda hadi kiwango cha kawaida, endelea na vidonge kwa miezi mingine mitatu, kwa kuwa chuma cha mwanzo huenda kwenye damu, na akiba ya mwili hujazwa baadaye.